Pumzi ya Gurudumu la Tatu

Alasiri ilikuwa imeingia Ngumbao alipotupa vyuma vyake vya tairi ndani ya gunia, akasonya. Msonyo mrefu, wa mwanamume aliyetumwa kazi ya kipuuzi na mkewe.

"Valvu!" alisema. "Mtu mzima na ndevu zake, afe kwa sababu ya valvu?"

Kama hukumjua Ngumbao, basi bado hujadharauliwa vizuri. Alikuwa fundi wa pancha pale Kibarani, kando ya barabara, moshi wa jalala ukimwingia puani kutwa. Aliyefika kwake na tairi bovu aliondoka na tairi zima na roho iliyovunjika. Madereva wa matrela aliwaita wachunga mbuzi waliopewa usukani. Mafundi wenzake, walioweka ndoo ya maji ya sabuni ili waone upepo unatokea wapi, aliwaita madobi. Yeye ndoo hakuwa nayo. Yeye alilamba kidole, akakibandika kwenye mdomo wa valvu, akatazama. Mate yakitoa povu, valvu inavuja. Yakitulia, kazi imekwisha, ondoka hapa. Miaka ishirini kidole kile hakikumdanganya, na tumpe haki yake, mkono wake ulikuwa mzuri.

Sasa shemeji yake, Katana, alikuwa hoi siku ya tisa, amelazwa chumbani kwa Ngumbao. Katana naye alikuwa fundi wa pancha. Kazi alifundishwa na Ngumbao, matusi aliyameza bure. Alikuwa ameitwa Liwatoni kubadilisha valvu ya karavani, ile nyumba ya magurudumu ambayo Wazungu huikokota nyuma ya gari wakitembea dunia. Akarudi akihema. Mchana huwa afadhali. Jua likitua kifua kinabana, midomo inageuka rangi ya majivu, pumzi inakuja moja... unangoja... unangoja... ndipo inakuja nyingine. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakasema ni safi kabisa.

Mbodze, mkewe Ngumbao na dadake Katana, alikuwa amekwenda Rabai kwa mganga. Mganga akamwambia: pumzi ya nduguyo imefungiwa mahali. Itolewe ile valvu aliyoitia, itiwe nyingine. Na huyo atakayekwenda, asiache mate yake pale.

"Baba Sidi, ndugu yangu hauvuki usiku wa leo," Mbodze alisema, macho yamevimba. "Nenda, nakuomba. Lakini mate, mume wangu... chunga mate yako."

"Nyoo! Mganga gani huyo anayejua mambo ya valvu? Hata baiskeli hana!"

Akaenda hivyo hivyo. Hakwenda kwa kuamini. Alikwenda ili arudi na ile valvu, amtupie Katana kitandani, amwambie: haya, kufa sasa tuone. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hangelisema mbele ya watu hata kwa viboko: Katana ndiye mtu pekee Mombasa nzima aliyekuwa akimcheka Ngumbao usoni, na bado kesho akarudi kunywa naye kahawa. Usiku uliopita Ngumbao alikaa kando ya kitanda kile akihesabu kati ya pumzi na pumzi. Alifika kumi na nne. Aliogopa, na kwa kuwa kuogopa hakukuzoea, alikasirika.

Kiwanja chenyewe kilikuwa nyuma ya yadi za maboti, kimezungushiwa ukuta wa mawe. Lango halikuwa na kufuli. Nje palinuka samaki na mafuta ya injini, kama Liwatoni yote inavyonuka. Alipopiga hatua moja ndani, harufu ile ikakatika.

Ndani palinuka udongo mbichi. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha miezi mingi, mji mzima umekauka, lakini ardhi ya pale ilikuwa na maji, nyeusi, bila jani hata moja. Katikati ilisimama karavani nyeupe, mapazia yamefungwa. Hapakuwa na gari la kuivuta. Ngumbao akaizunguka akitafuta cha kudharau, na hakukosa. Karavani ikisimama mahali huteremshiwa miguu ya chuma ili itulie. Hii miguu yake ilikuwa imekunjwa juu na kufungwa kwa waya, fundo juu ya fundo. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Magurudumu manne, na kagurudumu kadogo kameshikilia pua ya mbele. Kwingine kote, hakuna chuma kilichogusa ardhi.

"Mjinga gani huyu," akasema.

Kila valvu ilivishwa kifuniko kinene cha plastiki. Habari za vidude hivyo alizisikia kwa dereva mmoja wa watalii: vinapima upepo wa tairi na kupeleka habari, kama redio, hadi kwenye kisanduku chenye taa huko ndani. Ngumbao alicheka siku ile hadi akakohoa. Mtu ana macho, ana mguu wa kupigia tairi teke, kidude cha nini?

Kutoka ndani ya karavani, sauti ndogo.

Pip...

Pip...

Dirisha likafunguka upana wa kiganja. Ukatokea mkono wa mwanamke, mkavu, hina imekolea hadi nyeusi. Uso haukutokea.

"Karibu mwanangu. Wewe ndiwe fundi?" Sauti ilikuwa ya bibi wa watu, Kimvita safi, cha adabu. "Hata salamu hunipi?"

"Nimekuja kazi, sikuja baraza. Kuna valvu aliitia Katana. Naitoa, naenda nayo."

"Ni gurudumu la tatu. Lanililia tangu jana. Ichukue, mwanangu. Lakini nitilie nyingine mahali pake. Na ufanye hima. Mimi siwezi kushuka."

"Kwani nani amekwambia ushuke?"

Ngumbao akasonya, akaweka kipande cha ubao kwenye udongo, juu yake jeki, akainua. Akafungua nati, akalilaza tairi chini, akatoa kile kifuniko, akaingiza spana ndogo kuzungusha pini ya valvu. Akageuza uso pembeni, maana upepo wa tairi hutoka kwa kishindo na mchanga machoni.

Haukutoka kwa kishindo.

Ulitoka polepole. Wa moto. Ulinuka tumbaku na kahawa ya tangawizi. Ngumbao aliijua harufu ile. Aliketi karibu nayo kila jioni kwa miaka minane. Upepo ukatoka, ukatoka, na ulipokaribia kwisha... ukakohoa. Vikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu.

Hivyo ndivyo alivyokohoa Katana.

Nywele zikamsimama shingoni. "Mpira mbovu tu," akajiambia, na kwa mara ya kwanza maishani dharau yake mwenyewe haikumtosha. Mikono ikaendelea kufanya kazi, kwa kuwa mikono ya fundi haingoji akili. Akaliachanisha tairi na rimu, akaichomoa valvu, akaitia mfukoni. Ilikuwa na joto. Akatia mpya.

Hapo ndipo jeki ilipoanza kuzama.

Hakuamini. Akatazama tena. Ule ubao ulikuwa unakwenda chini, kidole kimoja, vidole viwili, na udongo ukipanda kandokando yake. Chini ya karavani ardhi ilivimba mahali pamoja, ikatulia, ikavimba mahali pengine, kama mtu anayejigeuza ndani ya shuka. Kisha akasikia kukwaruza. Kucha, nyingi, kutoka chini kwenda juu.

"Hima, mwanangu!" Sauti ya bibi ilikuwa imepoteza adabu yote. "Wamesikia! Washanisikia!"

Karavani ikainama upande. Vyombo vikaanguka ndani, na kile kisanduku sasa kililia bila kupumzika. Ngumbao alifunga kamba kuzunguka tairi akaikaza kwa chuma ili mpira ubane rimu, akaikanyaga pampu ya mguu kama mwendawazimu. Jasho likamwingia machoni. Tairi likajaa. Akalipachika, akazikaza nati, akaifungua jeki na kuivuta kwa nguvu zote. Kilichokuwa kimeishika upande wa pili kikaiachia.

Gurudumu likagusa ardhi.

Kimya.

Ardhi ikalala. Kutoka mjini adhana ya magharibi ikasikika, na Ngumbao akaketi kitako, akacheka kicheko chembamba. Alikuwa amemaliza. Valvu ya Katana ilikuwa mfukoni, lango liko wazi, hatua ishirini tu. Angeinuka akaenda zake, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Lakini fundi wa miaka ishirini haachi valvu mpya bila kuihakikisha. Hakuwaza hata kidogo. Kichwa kilikuwa tayari njiani kwenda nyumbani; kidole ndicho kilichobaki kazini. Alikilamba, akainama, akakibandika kwenye mdomo wa valvu. Kama kawaida.

Mate hayakutoa povu.

Hayakutulia vilevile.

Yaliingia. Valvu iliyanywa, na kilichokuwa kifuani mwake kikavutwa nyuma yake, kama uzi unaotoka kwenye kibiringo. Ngumbao akafungua kinywa. Akavuta hewa. Ikaja nusu. Akavuta tena. Ikaja nusu ya nusu.

Ndani ya karavani, kisanduku kikanyamaza.

"Taa imekuwa kijani," bibi alisema, kwa furaha ya mtu aliyeshiba. "Ahsante, mwanangu. Una kifua chema. Shemeji yako hakunifaa, siku tisa tu. Yule wa Vanga alinishika miaka miwili."

"Nini... hii?" Hayo tu ndiyo aliyoyapata.

"Hawa wa chini niliwaahidi nafsi yangu, zamani, hujazaliwa. Walinipa nilichotaka. Sasa nikikanyaga ardhi, wanichukua. Upepo wa pampu hawaujali, hushuka kila jua litwapo. Pumzi ya mtu ndiyo waiogopayo." Mkono ukashika ukingo wa dirisha. "Usije ukaifungua wewe mwenyewe. Mwenyewe akiifungua, hutoka yote. Mlete mwenzio."

Ngumbao aliyatazama magurudumu mengine. Yote yalikuwa yamejaa vizuri.

"Na haya... ya nani?"

Dirisha likafungwa.

Kutoka Liwatoni hadi chumbani kwake Kibarani alitumia saa mbili, akiketi kila penye jiwe. Alipofika, Katana alikuwa ameketi kitandani anakula wali na samaki wa kupaka, midomo myekundu, na Mbodze analia kwa furaha. Kisha Mbodze akamwona mumewe mlangoni, amejishika mwimo, midomo rangi ya majivu. Sinia likamponyoka.

"Uliyaacha," akasema. "Mume wangu, uliyaacha."

Ngumbao alimtazama Katana. Katana aliweka tonge chini, akainamisha kichwa.

"Mulamu, shemeji yangu, nitakuuguza," alisema. "Watoto wako nitawalisha kama wangu. Lakini kule sirudi. Pumzi yako imeingia leo tu. Mimi nimekaa mle siku tisa. Humo mna giza, mulamu, na unawasikia wale wa chini wakiongea. Wanakuita jina." Akajikunyata, na Mbodze akamfunika shuka.

Basi ikabidi atafutwe mwingine. Na hapo ndipo dharau ilipodai malipo yake, kwa kuwa Mbodze alizunguka Kibarani na Makupa siku mbili kutwa, na kila fundi aliyemfikia alikumbuka alivyoitwa. Mmoja alimjibu: "Mwambie dobi yuko kazini." Jioni ya pili Ngumbao alihesabu mwenyewe kati ya pumzi na pumzi. Alifika kumi na moja, na katikati ya hesabu, chini ya sakafu ya chumba chake mwenyewe, aliisikia sauti ikijaribu jina lake, silabi kwa silabi.

Siku ya tatu, adhuhuri, wakati pumzi ina nafuu, alijikongoja hadi kwa Chirau. Chirau alikuwa na kibanda cha kuziba baiskeli kule Makupa. Mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kigugumizi; Ngumbao hakuwahi hata kumtukana, alimwona hafai kutukanwa. Alisimama kando, akamtazama akimalizia gurudumu la mteja. Chirau alilamba kidole, akakibandika juu ya valvu, akaangalia kwa makini.

Moyo wa Ngumbao ukaruka kwa furaha, huyu bibi atampokea, na papo hapo akajichukia, na kuchukia kukapita.

"Ha... habari, mzee Ngumbao!" Chirau aliinuka upesi, akafuta kigoda chake kwa shati. "Kaa, ndugu yangu, kaa. Umechoka sana. Ngoja nikuletee maji."

Akaleta maji, akamshikia kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili. Ngumbao akanywa. Pumzi aliyokuwa nayo ilitosha maneno machache tu, na alijua ni maneno gani yaliyostahili kusemwa. Yalikuwa mawili: usitie mate. Lakini ukimwambia mtu hayo, atauliza kwa nini. Na akijua kwa nini, nani atakwenda? Akamtazama Chirau, mguu ule mfupi, shati lile lililotoboka, akatafuta mahali pa kuweka dharau yake. Mtu kama huyu, akajiambia. Nani atamlilia mtu kama huyu?

Nyuma ya kibanda mtoto akaita, "Baba!" na Chirau akageuka kumtabasamia.

"Nimekuletea kazi," Ngumbao akasema. "Liwatoni. Valvu moja tu. Nenda leo... kabla ya magharibi."

Chirau aliushika mkono wake akamshukuru, na akaanza kupanga vyuma vyake.