Mbingu Iliyokauka Nusu

"Balqis, nisomee ujumbe. Mikono yangu imejaa rangi."

Siku za kazi simu ya Witold ilikaa kwa Balqis, mjane wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mshona mapazia wa karakana yao ya Rusayl. Witold, mchoraji na mbunifu wa majukwaa kutoka Poland, alianza utotoni kupaka rangi sanamu za kanisani na baba yake, akazunguka kumbi za Ulaya, akaja Muscat kwa mchezo mmoja tu. Mwaka wa sita huu.

Balqis akasoma kwa sauti:

"Tumefurahi umekubali. Mkataba wa miaka mitatu, Krakow, kuanzia Januari."

Brashi ikamtoka Witold mkononi. Mazoea ya kusomewa ujumbe yalimponza.

"Umekubali lini?"

"Wiki iliyopita. Ningekwambia baada ya onyesho."

"Baada ya onyesho! Tangu usilimu, posa ni baada ya onyesho. Maonyesho manane sasa! Leo kaka yangu Thabit anakungoja kwake Wattaya baada ya alasiri, na halwa keshanunua. Nshachoka, wallahi."

"Nitakwenda. Nimalize mbingu hii kwanza. Unajua ikikauka nusu inaacha mstari, kitambaa chote kinaharibika."

Alijua sana. Kitambaa cha mita kumi na mbili kilitandazwa sakafuni, buluu mbichi, na Balqis alikishona mwenyewe. Miaka yote hiyo aliyengojeshwa ni yeye, rangi haikungojeshwa hata siku moja.

"Basi maliza."

Akaiweka simu juu ya ndoo, akaendesha gari mpaka kwake Sidab. Hakulia. Hata kulia kunataka nguvu, naye hakuwa nazo.

Baada ya alasiri Thabit akapiga.

"Balqis, uko wapi?"

"Nyumbani. Kaka, usimngoje mtu."

"Nisimngoje nani? Yuko hapa barazani, buluu mpaka viwikoni! Kaja kuposa. Halwa hataki kuigusa mpaka uje."

"Na Krakow?"

"Kaniomba nimwandikie ujumbe, mikono yake haishiki simu. Nimewaandikia: haji."

Balqis akakaa kitandani.

"Muulize, ile mbingu kaimaliza?"

Akasikia wanaume wawili wakinong'ona.

"Anasema kaiacha nusu. Ishakauka, imeharibika."

Hapo ndipo machozi yakamtoka. Akapapasa funguo za gari.

"Mwambie anawe mikono, kaka. Nnakuja."