Bata wa Mwenyekiti Wageuka Rangi ya Waridi

Kila asubuhi nyumba yao iliamka na harufu ya sabuni. Mama alikuwa dobi, na uani kwake kulikuwa na mabeseni makubwa, kamba za kuanikia zilizokatiza kila upande, na mashuka ya nyumba ya wageni yakipepea. Kabla ya kwenda shule, binti yake alimsaidia kutenganisha nguo nyeupe na za rangi, kisha akapekua mifuko ya suruali za wateja. Kazi hiyo ya kupekua aliipenda kuliko zote. Kwa maganda ya karanga na karatasi za pipi alijua nani anakula nini, na nani anamficha mkewe mambo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Inspekta, na jina lilimkaa sawasawa.

Chini ya mtaa palipita kijito. Zamani watoto walikamata samaki wadogo humo kwa chandarua. Siku hizi maji yalijaa povu jeupe, mawe yalikuwa na utelezi wa kijani, na harufu yake ilimfanya mtu apite akiwa ameziba pua. Mwenyekiti wa mtaa alifuga bata weupe aliowapenda mno, nao kila jioni walirudi nyumbani wakiwa na ndevu za povu. Mwenyekiti alilichukulia jambo hilo kama matusi.

Mwalimu wa sayansi aliliona tatizo hilo, akaipa klabu yake kazi ya kulichunguza. Aliwafundisha wanafunzi kuchota maji kwenye chupa, kuitikisa, kisha kupima urefu wa povu kwa rula. Inspekta akaenda kijitoni na rafiki yake aliyeitwa Taratibu. Huyu hata kengele ya kwenda nyumbani ikilia, alimalizia kwanza sentensi yake, akaweka nukta, ndipo akasimama.

Walichota maji upande wa juu wa kituo cha kuoshea magari kilichokuwa kando ya kijito. Walipotikisa chupa, povu lilikuwa kidogo tu. Walichota tena upande wa chini wa kituo hicho, na safari hii povu lilipanda mpaka shingo ya chupa.

"Kesi imekwisha!" Inspekta akasema. "Ni mwosha magari."

"Ngoja kwanza," Taratibu akajibu. "Hapa katikati kuna mtaro unaoingia kijitoni."

"Huo ni mtaro wa maji ya mvua. Mvua umeiona lini?"

"Sijaiona."

"Basi!"

"Sasa mbona mtaro umelowa?" Taratibu akauliza, lakini aliuliza hewa. Inspekta alikwishakimbia kwenda kutangaza.

Habari ile haikuhitaji miguu. Mama aliwasimulia wateja huku akipiga pasi, na kila mteja aliondoka na nguo zake pamoja na habari yake. Kabla jua halijazama, Mwenyekiti alikuwa ametangaza mkutano wa Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja tu: kukifunga kituo cha kuoshea magari.

Mwosha magari akaja mpaka mlangoni kwa dobi, kofia mkononi.

"Mwanangu, mimi nina watoto wanaosoma kama wewe," alimwambia Inspekta. "Kazi yangu ndiyo hiyo hiyo moja. Maji yangu yote yanaingia shimoni, nimelichimba mwenyewe."

"Pole, baba, lakini rula haidanganyi," Inspekta akajibu.

Kweli, rula haikudanganya. Ila ilipima povu tu, haikusema povu ni la nani. Hilo Inspekta hakulifikiria, kwa kuwa mtu akishajiona mshindi huwa hana haja ya kufikiri zaidi.

Ijumaa mwalimu aliwaita wanaklabu. "Nasikia mmempata mkosaji. Mmeyafuata maji kutoka kwake mpaka kijitoni?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeyafuata.

Mwalimu akatoa chupa mbili za rangi ya chakula alizopewa na mwoka keki. Rangi ile haidhuru samaki wala ndege, alisema. Ukiimwaga kwenye bomba la maji machafu, itakwenda yanakokwenda maji, nawe utaiona inapotokea. "Bluu ni ya mwosha magari. Nyekundu ni ya nyumba nyingine yoyote inayomwaga maji mengi ya sabuni. Mnaijua?"

Macho yote yakamgeukia Inspekta.

"Kwetu kuna shimo!" Inspekta akaruka. "Mjomba Bomba ndiye aliyelichimba!"

Mjomba Bomba alikuwa kaka yake mama, fundi wa mabomba, na shimo lile lilikuwa fahari yake. Alilichimba Inspekta akiwa mtoto wa kubebwa, na tangu hapo halikujaa hata siku moja. Mgeni akifika pale, kabla hajapewa kiti alionyeshwa mfuniko wa shimo. "Mashimo ya wengine yanafurika," Mjomba alipenda kusema, "langu linakunywa tu." Ndugu wote walimsifu, wala hakuna aliyejiuliza shimo gani hilo lenye kiu isiyokwisha.

"Kama mna shimo, rangi itaingia humo na mambo yamekwisha," mwalimu akasema. "Lakini upime. Uchunguzi haumruki mtu."

Jumamosi asubuhi walianza na bluu. Waliimwaga kwenye mfereji wa mwosha magari, na Taratibu akakaa kijitoni kusubiri, kazi iliyomfaa kuliko mtu yeyote duniani. Alisubiri weee, bluu haikutokea. Mwosha magari akafunua shimo lake, wakachungulia. Humo ndani maji yalikuwa ya bluu tupu.

Inspekta alianza kuona joto masikioni. Hata hivyo alikwenda nyumbani, Taratibu akarudi kijitoni, na mama alipomaliza kumwaga mabeseni ya asubuhi na kurudi kwenye kamba, akamimina chupa nzima ya rangi nyekundu kwenye bomba la uani. Alimimina yote kwa kuwa hakuwa na wasiwasi. Shimo la Mjomba lingeinywa, na mambo yangeishia hapo.

Punde akaona kitu ambacho mtaa haujawahi kukiona. Taratibu alikuwa anakimbia! Alikuja mbio na kandambili moja mguuni, ya pili ameiacha njiani.

"Njoo uone," akasema akihema. "Njoo uone bata."

Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa unatiririsha maji mekundu. Mbele ya mdomo wa mtaro, katikati ya povu, bata wa Mwenyekiti walikuwa wanaoga kwa furaha. Walipopanda ukingoni na kujikung'uta, kuanzia shingoni kwenda chini walikuwa na rangi ya waridi.

Inspekta akaketi kwenye nyasi.

"Tuseme tulichanganya chupa," alinong'ona.

"Tulichanganya?" Taratibu akauliza.

"Hapana."

Inspekta aliona mambo mawili kwa pamoja. Akinyamaza, leo jioni mwosha magari atakosa kazi kwa kosa ambalo si lake. Akisema, mama yake ndiye atakayefungiwa, naye ndiye anayewalisha.

Alijaribu kumwambia mama kabla ya mkutano.

"Mama, kuna jambo."

"Shika ncha ile ya shuka."

"Mama, ni kuhusu kijito."

"Ndiko ninakowahi! Leo yule bwana atanitambua. Utaniambia baadaye."

Mkutano ulifanyika darasani. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Juu ya meza ya mwalimu Mwenyekiti aliweka kikapu, na ndani ya kikapu alikuwamo bata wa waridi.

"Ndugu wananchi, huyu ni kielelezo," alisema kwa uchungu. "Haikutosha kuwatia povu, sasa wanapakwa rangi!"

"Mwenyekiti, mimi naosha magari," mwosha magari akasema. "Hata gari sijawahi kupaka rangi, sembuse bata."

"Afungiwe!" mama yake Inspekta akapaza sauti kutoka safu ya mbele. "Mtu mmoja hawezi kutuchafulia maji ya mtaa mzima!"

"Wanaokubali afungiwe, wanyooshe mikono," akasema Mwenyekiti.

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa mama. Ndipo Inspekta akasimama.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba!" darasa zima likaitikia.

"Rangi ile ni yangu. Ni ya chakula, bata atakuwa mzima. Niliimwaga kwenye bomba la nyumbani kwetu, ikatokea kwenye mtaro wa mvua, ikaingia kijitoni. Ya mwosha magari iliingia shimoni kwake kama alivyosema. Povu ni letu. Mimi nilimtangaza kabla sijayafuata maji. Naomba mnisamehe, na yeye kwanza."

Bata akalia "kwaa" mara moja. Mkono wa mama ulikuwa bado juu, umesahauliwa huko.

"Haiwezekani!" Mjomba Bomba akafoka kutoka nyuma. "Shimo langu halijawahi kujaa!"

"Hilo ndilo linalonitia shaka," mwalimu akasema kwa upole.

Mkutano mzima ukahamia uani kwa dobi, pamoja na bata na kikapu chake. Mjomba akafunua mfuniko kwa madaha, watu wakainama. Shimo lilikuwa kavu kabisa, na chini, kwenye vumbi, ililala spana ambayo Mjomba aliitafuta miaka mingi na kuwasingizia vibarua kadhaa kwamba wameiiba.

Ukweli ukajulikana. Siku alipochimba shimo, Mjomba alifukia mabomba mawili, moja la maji ya paa na jingine la maji ya kufulia, akayaunga kinyume. Mvua ndiyo iliyopewa shimo, nayo matone yake yakakauka muda si mrefu. Sabuni ikapewa mtaro.

"Yanafanana sana, yale mabomba," Mjomba alisema polepole.

Mama akashusha mkono wake hatimaye, akamwendea mwosha magari mbele ya watu wote. "Nimekusema vibaya, ndugu yangu, na mchafuzi ni mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, dada," mwosha magari akajibu, kisha akamgeukia Inspekta. "Nawe nimekusamehe. Siku nyingine uje na rangi kwanza, maneno baadaye."

Mama alisimamisha kazi mpaka bomba litakapotengenezwa. Nyumba ya wageni ikampelekea dobi mwingine mashuka, na nyumbani wakala kwa kubana. Mjomba alichimba juani huku majirani wamekaa kivulini wakimpa ushauri. Wanaklabu walitengeneza chujio kwenye pipa kwa changarawe, mchanga na mkaa, ili uchafu unaswe kabla maji hayajafika shimoni. Mama naye akaanza kupima sabuni kwa kikombe badala ya kuimimina kwa mazoea. Kila wiki Inspekta na Taratibu walitikisa chupa zao, na povu likapungua mpaka rula ikakosa cha kupima. Wateja walirudi, mmoja mmoja.

Jioni moja, wakikunja mashuka, Inspekta aliuliza swali lililomkaa rohoni.

"Mama, siku ile ulinikasirikia?"

"Sana. Nilitamani dawati linimeze." Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini ungenyamaza, yule baba angekosa kazi, na mimi ningeendelea kumlaumu huku namwaga sabuni kijitoni kila asubuhi. Ulikuwa unaogopa?"

"Nilitetemeka, mama."

"Nilikuona. Sikiliza, mwanangu. Ukweli unaomhusu jirani peke yake ni umbea tu. Siku yoyote ukitaka kupima, pima na kwetu, tena uanze na kwetu."

Inspekta alishika ncha yake ya shuka, mama akashika yake, wakalivuta mpaka likanyooka.