Dawa Ndani ya Gambuti

Kila asubuhi katika ploti yetu ya Riruta, kabla mfereji wa maji haujakauka, Joyline alipaswa kumeza dawa za TB. Alikuwa darasa la sita. Mama yake, Rael, alitoka alfajiri kwenda kuuza viatu vya mitumba Ngara, kwa hivyo nesi Muthama alinipa mimi, jirani, kazi ya kumwangalia akimeza, kisha nitie alama kwenye kadi. Mimi Nyawira nilikuwa nasoma mambo ya maabara chuoni, basi nilijiona daktari kabisa.

Lakini mimi na asubuhi hatupatani. Nikiwa bado nachana nywele, nilikuwa naita tu dirishani, "Joy, umemeza?"

"Nimemeza, anti."

Natia alama. Mwezi wa pili kikohozi kiliisha, akanenepa, tukafurahi.

Alhamisi moja ya Aprili 2006 nilitoka chuoni mbio, mvua yote ikininyeshea, kwa sababu ya habari niliyokuwa nayo. Kumbe kuna bakteria anayejitengenezea sumu, na pia kitu cha kuizima! Hizo mbili, zote protini, zikishikana, hukalia DNA, ule uzi wenye maagizo ya kuzitengeneza, zikafunga maagizo hayo hayo. Ni kama mpishi kukalia mfuniko wa sufuria yake ili chakula kisipakuliwe tena. Shida ikija, kama njaa au dawa, kile kizima-sumu huoza haraka. Mfuniko unaachiliwa, sumu inazidi, bakteria analegea, analala. Dawa nyingi huua aliye macho. Aliyelala hubaki, na siku akiamka, mtu anaugua upya. Mwalimu alisema upande wa TB wanasayansi bado wanachunguza.

Nilitaka kumwambia Joyline kwanza. Nikamkuta mlangoni akikohoa, na mama yake ameketi, mguu mmoja mwekundu. Rael alikuwa amevaa gambuti zake za mpira kwa mara ya kwanza msimu huo, kwa ajili ya matope. Ndani mlikuwa na tembe nyingi nyekundu, zimeyeyuka na kushikana.

Joyline alilia bila sauti. Alisema dawa zilimfanya akojoe rangi ya machungwa, na wasichana chooni shuleni wakamwita Juisi. Halafu kikohozi kilipoisha, aliona amepona.

"Na wewe anti," akasema, "hukuwa unatoka nje."



Kesho yake nesi Muthama aliangalia kadi. Alama zote zilikuwepo. Alisema makohozi yatapelekwa maabara kuona kama dawa bado zinafaa, na majibu yatachukua wiki nyingi. Joyline angeanza upya, siku ya kwanza, na sindano kila siku kwa miezi miwili. Rael aliuliza kama mtoto atapona. Nesi hakuahidi.

Mimi nikaanza kumweleza nesi mambo ya sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyawira, hao waliolala ndio tulikuwa tunawasubiri waamke, dawa iwaue, ile miezi iliyobaki. Kadi haiponyi mtu. Huyu alificha, wewe ukaandika usichokiona, sasa hata mimi sijui ni dawa gani itamfaa. Ukweli wa mwezi wa pili ungetuuma kidogo tu."

Siku hizi nasimama mferejini nywele zikiwa timutimu. Joyline anameza, anafungua mdomo, naangalia hadi chini ya ulimi. Bado anakohoa, na majibu hayajarudi.

"Anti, nitapona?" aliniuliza leo.

"Sijui, Joy," nikamwambia, nikatia alama moja, ya leo tu.