Kidonda cha Mkono wa Kulia

Amin, mnunuzi wa ulezi pale Majengo, alikutwa kifudifudi ghalani mwake, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani. Kioo cha dirisha la nyuma kilikuwa kimevunjwa. Kwenye komeo la ndani palikuwa na damu ambayo haikuwa yake.

Siku ya nne, mkuu wa upelelezi wa wilaya, Mrakibu Meshack, alikuwa ameshapata mtu wake: Elia, mkulima wa Kizwite, aliyemfukuza marehemu shambani kwake juma lililopita. Jalada lilikuwa jembamba, lakini mkuu alilipigapiga kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

"Damu ya komeoni ni kundi AB. Watu wanne tu kati ya mia wanayo. Elia anayo, na ana kidonda mkononi. Asilimia tisini na sita ni yeye. Kesho anapandishwa kizimbani kwa mauaji."

"Afande, manispaa hii ina watu zaidi ya laki mbili," alisema Inspekta Rozina. "Wanne kati ya kila mia ni zaidi ya elfu nane. Tuwakamate wote?"

"Wote wana vidonda?"

Swali lilimchoma. Lakini Rozina hakuwa mtu wa kukubali yaishe. Mtu angeweza kunyongwa kwa hesabu iliyowekwa kichwa chini miguu juu, na hilo lilimkera kuliko kofi la uso.

Alianzia ghalani. Dirisha lilikuwa kwenye kona, limebanwa na ukuta wa jirani. Alijaribu kufikia komeo kwa mkono wa kushoto, bega likagonga ukuta. Wa kulia ulipita bila shida; basi aliyejikata kwa kioo alijikata mkono huo.

Kisha akaenda Kizwite, ambako mavuno yalikuwa yamepamba moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia Bibi Fransiska, kiongozi wa wavunaji.

"Naomba kuona mikono ya kila mtu."

Walicheka, wakamuuliza kama anatafuta mchumba. Kati ya watu arobaini, kumi na wanane walikuwa na vidonda. Kumi na saba waliumia mkono wa kushoto, ule unaoshika suke huku wa kulia ukikata. Elia naye aliumia mkono huohuo wa kushoto. Basi kidonda chake kilisema tu kwamba alikuwa anavuna.

Mmoja alikuwa amefunga kitambaa mkono wa kulia: Enock, mdogo wake Elia, baba mmoja mama mmoja.

"Umekatwa na nini?"

"Kisu cha ulezi, afande."

"Wewe ni wa mashoto?"

"Hapana."

"Hebu kata suke nikuone."

Enock alishika kisu kwa mkono wa kulia, akaganda.

"Sasa kisu kiko mkono huohuo," alisema Bibi Fransiska. "Kilikukata vipi?"

Damu ya Enock ilipimwa: AB.

"Ile hesabu yako ni ya watu baki, afande," Rozina alimwambia Meshack. "Kwa ndugu wa tumbo moja, kufanana damu si ajabu. Ila damu ile pamoja na kidonda cha kulia, nimshuku nani mwingine?"

Meshack alivuta jalada, akafuta jina la Elia.

Enock hakuchukua muda kukiri.

"Nilimuuzia Amin shamba la baba kwa siri. Akaanza kuja kulikagua, kaka akamfukuza bila kujua. Nilifuata mkataba niuchome, akanikuta."

"Na kaka yako?"

"Angenyongwa, hakuna ambaye angeuliza shamba limekwenda wapi."

Rozina alitamani kumzaba kibao. Badala yake aliandika kila neno, akampa asaini.

Elia alitolewa mahabusu mchana huo. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kisha akaomba kumwona mdogo wake. Rozina alimfungulia mlango.

"Enock, kweli ungeniacha ninyongwe?"

Enock alimtazama kaka yake, halafu akageukia ukutani.