Anayemwaga Makapu

Jirani yetu Dorkasi alipofika Kwamkoro kuchuma chai, akitokea Singida, mtu wa kwanza kumkera alikuwa Mwanahamisi. Kapu likimwagika, wenzake walisema ni Mwanahamisi. Kamba za aproni zikifungwa fundo huku umeivaa, Mwanahamisi. Akadhani ni mchumaji mwenzao asiye na adabu, akaapa siku wakikutana watatambuana.

"Si mtu," alinong'ona Mama Eliaichi, mwenyeji, wakila viazi shambani. "Kipo tangu enzi za babu zetu, na hakina jina lake. Tunakiita kwa jina la aliyechukuliwa mwisho. Mwanahamisi alichuma mstari huu huu. Kabla yake kiliitwa Sefania."

"Kinamchukuaje mtu, mama?"

"Ukungu ukishuka, usiite jina la mtu. Gonga kapu, naye atagonga lake. Ukiita jina, kinalichukua, na mwenyewe kinaondoka naye."

Dorkasi alicheka kimoyomoyo. Alikuja na mdogo wake Secilia, wa miaka kumi na tisa, baada ya kumwapia mama yao kwamba atamrudisha salama. Habari ile aliiona ya kutishia wageni, hata hakujisumbua kumweleza Secilia.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, ukungu ulishuka ghafla. Huku na kule makapu yakaanza kugongwa. Dorkasi akagonga lake. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Secilia alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Hofu ikamshika.

"Secilia," akaita kwa nguvu.

Makapu yote yakanyamaza.

"Abee, dada." Sauti ya Secilia, mbele yake.

"Abee, dada." Nyuma yake.

Kisha miguuni pake, chini ya michai. "Abee."

Ukungu ulipoondoka, kapu la Secilia lilikuwa limejaa pomoni. Buti zake zilisimama kando, bado zina joto. Walimtafuta msituni siku tisa, wasipate hata uzi wa nguo yake.

Dorkasi aliendelea kuchuma. Angerudi kwa mama akaseme nini? Wiki ya tatu kapu lake likapinduliwa, majani yote chini. Akawageukia wenzake. Hakuna aliyemtazama usoni.

"Ni Secilia huyo," Mama Eliaichi akasema taratibu. "Okota tu, mwanangu."

Jioni, akivua aproni, akapapasa kamba mgongoni. Zilikuwa zimefungwa fundo lenye masikio matatu. Fundo hilo Dorkasi mwenyewe ndiye aliyemfundisha mdogo wake, kule Singida, Secilia akiwa na miaka mitano.