Baruti ya Muzee Augustin

Paluku alikuwa mhunzi katika karitie, yaani mtaa, ya Saio, mjini Bunia. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa na paa la bati, meza ya chuma na tanuru la makaa. Aliupuliza moto kwa feni iliyozungushwa na gurudumu la baiskeli. Umeme ulipokuwapo, alilehemu milango. Umeme ulipokosekana, alifua majembe na kutengeneza mbabula, majiko ya makaa ya kupikia. Mke wake, Bibiane, aliuza sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Mtoto wao, Espoir, alikuwa ameanza kutambaa. Kila aliposikia nyundo, aliifuata.

Asubuhi moja mjomba wa Bibiane aliingia uani. Jina lake Gaspard. Yeye na jamaa zake walikimbia vita upande wa Nizi, na sasa waliishi kambini, pembeni ya mji. Begani alibeba fungu la miwa.

"Bokilo," alimwambia Paluku, maana ndivyo wakwe wanavyoitana huku. "Tuingie kwanza mu karakana."

Waliingia. Gaspard alifungua kamba ya miwa. Katikati kulikuwa na bunduki ndefu ya zamani, ile ya kushindiliwa baruti kwa mdomo. Ilikuwa mali ya baba yake Gaspard na babu wa Bibiane, mzee Augustin, mwindaji, aliyefariki wakati wa mvua. Katika ukoo wao, mwindaji akizikwa, bunduki yake hulia mara moja. Hapo ndipo watu husema amefika kwa wenzake.

"Siku ya kumuzika nilivuta," Gaspard alisema. "Ikafanya 'ta' tu. Muzee wetu alienda kimya, kama kuku."

"Batu walicheka?"

"Hapana. Hata mumoja hakucheka. Njo ile iliniumiza. Siku ya posho, Jumamosi, tunamaliza matanga. Nataka ilie."

Paluku aligusa chuma kwa kidole. Mzee Augustin ndiye aliyemwoza Bibiane bila maneno mengi, yeye Munande, mtu wa kabila lingine, aliyetoka Butembo bila ng'ombe wa mahari.

"Baba, muzee wetu hataenda kimya," alisema. "Ile naahidi. Ndani iko na kintu?"

"Ile baruti? Ilishakufa. Mvua ilishaiua."

Gaspard hakusema uongo. Alisema alichosikia kwa baba yake, kwamba baruti ikilowa imekufa. Paluku naye hakuuliza tena. Alijua chuma, baruti hakuijua. Aliona kizibo cha nyuma ya mtutu kimeshikwa na kutu. Bawaba ya mlango ikishikwa na kutu, huilegeza kwa moto. Alifanya hivyo karibu kila siku. Aliiweka bunduki mezani, akaenda kwenye tanuru, akaanza kuzungusha gurudumu. Makaa yakawa mekundu.

Wakati huo jirani yao, Madeleine, alikuja kuchukua mbabula yake. Madeleine alikuwa amefanya kazi na timu ya kutegua mabomu upande wa Gety. Kazi yake ilikuwa kufundisha wakulima wanachopaswa kufanya wakikuta kitu cha vita shambani. Alisimama mlangoni, akaona meza, akaona moto.

"Baba Espoir! Acha kuzungusha!"

Mkono wa Paluku ulisimama.

"Ile bunduki, ulishaiweka mu moto?"

"Bado, mama. Nilikuwa karibu."

"Usiishike tena. Iache pale pale. Mudomo yake inaangalia wapi?"

Wote waligeuza macho. Mdomo wa bunduki ulielekea ukuta wa mbao upande wa nyumba. Nyuma ya mbao hizo walisikia Espoir akicheka. Alikuwa anakuja kutafuta nyundo.

Bibiane, aliyesikia kelele kutoka mbele ya nyumba, alikimbia. Alimbeba mtoto kwa mkono mmoja, hakusimama mpaka barabarani. Madeleine aliwatoa wanaume wote wawili, bila kupita mbele ya mdomo ule. Walivuka barabara, wakasimama nyuma ya nyumba ya matofali.

Gaspard alikasirika. "Mama, siye ni batoto ya mwindaji. Weye utatufundisha bunduki?"

"Papa Gaspard, weye unajua kuwinda kuliko mimi," Madeleine alijibu polepole. "Lakini uniambie. Siku ya maziko uliweka baruti?"

"Niliweka."

"Ilitoka?"

"Haikutoka."

"Basi iko wapi?"

"Iko ndani. Lakini ilikunywa maji!"

"Nguo yako ikikunywa maji, jua likiwaka, inakauka. Baruti vilevile. Inaweza kulala miaka na miaka, hata tangu babu ya babu. Ukiipasha moto, ukiigonga, ukitoboa, inaamuka. Na ule mututu umeliwa na kutu. Utapasuka mu uso ya fundi."

Paluku alitazama mikono yake.

"Sasa tunafanya nini?" Bibiane aliuliza.

"Hatuigusi. Hatuibebi. Hatumwagi maji, hatufungui kintu. Karakana mutu asiingie. Tunaenda kwa shefu wa karitie, aite wale wenye kujua."

Gaspard alishika kichwa. "Mimi ni mutu wa kukimbia vita, mama. Wakikuta bunduki kwangu, watasema niko mu milisia."

Madeleine hakumcheka. "Siwezi kukuahidi maneno ya shefu. Lakini hautaenda peke yako."

"Na mimi niko," alisema Bibiane. Alimkaza Espoir mgongoni kwa kitenge. "Mujomba, tangulia. Leo mutoto yangu alitambaa mbele ya ile kintu. Sitarudi mu nyumba mpaka itoke."

Wakaenda. Paluku alibaki barabarani, akizuia watu wasikaribie karakana.

Shefu, kiongozi wa mtaa, alimuuliza Gaspard maswali magumu. Gaspard alijibu yote, na jasho likamtoka. Mwishoni shefu alipiga simu. Mchana mafundi wa kutegua walifika. Waliwahamisha majirani, wakafanya kazi yao bila haraka. Kisha waliipeleka baruti iliyotolewa kwenye uwanja mtupu, mbali na watu, na kuiteketeza. Mwali mweupe uliruka. Moshi ulipanda juu kuliko migomba.

"Njo ile baruti tulisema ilishakufa," Gaspard alisema kwa sauti ndogo.

Bunduki haikurudi. Gaspard aliomba kitu kimoja tu, ule mkanda wa ngozi uliokuwa unaifunga begani mwa mzee. Walimpa.

Lakini ahadi ya Paluku ilikuwa bado. Siku zilizofuata alizunguka gereji za mji, akigonga vyuma na kusikiliza. Mwishowe alipata jante ya lori, ile ringi ya chuma ya gurudumu ambayo makanisani hugongwa kama kengele. Aliisugua kutu na kutoboa tundu la mnyororo. Aliigonga. Ilinung'unika kama sufuria. Akakwangua ukingo, akagonga tena. Aliendelea hivyo mpaka mafundi jirani wakamtania.

"Paluku, unafungua kanisa?"

"Ndiyo, na sadaka mutaanza kuleta nyinyi," alijibu, akagonga tena.

Jumamosi jamaa walikusanyika kambini. Jante ilining'inia kwenye mti mnene. Wazee waliisogelea na kuitazama. Paluku alimpa Gaspard nyundo mpya. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mkanda wa mzee Augustin.

Gaspard aliushika, akautambua kwa kiganja. Alinyanyua nyundo, akapiga mara moja.

Sauti ilitoka nene, ikapita juu ya mahema, ikashuka bondeni, ikakawia kuisha. Watoto hawakukimbia. Hakuna aliyeziba masikio.

Mzee mmoja aliondoa kofia. "Amefika," alisema.

Siku hizi, kwenye mlango wa karakana ya Paluku kuna maneno ya chaki: MILANGO, MBABULA, MAJEMBE. BUNDUKI HAPANA. Mtu akija na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya miwa au mkeka, Paluku hamwulizi ni cha nani, wala hamruhusu kukifungua. Huzima moto wake, huwatoa watu wote, kisha humwita Madeleine.