Kabati Lenye Dirisha la Shavu

Asubuhi, ukuta wa nyuma wa chumba cha dobi huwa na joto. Upande wa pili kuna tanuri la jirani yake, mwoka mikate. Binti wa dobi hupenda kuuegemea ukuta huo kabla ya kwenda chuo kikuu. Hufumba macho. Joto humwingia mgongoni taratibu, na mawazo yake huelea kama povu kwenye beseni.

"Bi Ndoto!" mama yake humwita. "Ndoto hazikaushi mashuka. Shika ncha hiyo tukamue."

Msimu ule mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo. Mashuka ya zahanati yalining'inia chumbani kutwa nzima, na bado yalikuwa mabichi. Nesi alikuja, akayagusa. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuumiza mama zaidi.

"Mama, mgonjwa hawezi kulalia unyevu," nesi alisema kwa upole. "Yakija hivi mara moja tena, itabidi tutafute dobi mwingine."

Zahanati ndiyo iliyokuwa mteja wao mkubwa. Siku hiyo mama alipiga pasi bila kuimba.

Bi Ndoto alikuwa na siri. Chuoni palitangazwa mashindano ya ubunifu. Yalitafutwa mawazo mapya yanayoweza kuwa biashara. Washindi wangepewa nafasi katika karakana ya chuo, pamoja na mshauri wa kuwaongoza. Naye alikuwa ametengeneza kabati refu lisilo na mgongo. Lilikuwa la kubanwa kwenye ukuta wenye joto, kama ule wa nyumbani. Hewa kavu iliingia kwa matundu ya chini, na hewa yenye unyevu ikatokea juu. Taa ndogo ya kijani iliwaka nguo zikishakauka.

Alilificha chini ya blanketi kwenye stoo ya chuo. Aliogopa kuchekwa.

Mshauri wa wabunifu, mama mmoja mwenye miwani mizito, alisoma fomu yake.

"Hapa pameulizwa nani amelijaribu. Mbona hukujaza?"

"Nimelijaribu mimi."

"Wewe ni dobi?"

"Mama ndiye dobi."

"Naye anasemaje?"

Bi Ndoto alitazama viatu vyake. "Hajaliona."

Mshauri alivua miwani. "Mwanangu, umemshonea mtu nguo bila kumpima. Wazo zuri ni nusu ya safari. Nusu nyingine iko mikononi mwa atakayelitumia. Mpelekee. Usimfundishe, wala usilitetee kabati lako. Keti, funga mdomo, tazama mikono yake. Kisha wape madobi wengine nao walijaribu. Wakilitaka, hapo pana biashara. Una siku kumi kabla ya mashindano."

Kabati lilipofika nyumbani, mama alilizunguka mara mbili.

"Kumbe hili ndilo lililokuwa linakuchelewesha? Mimi nilidhani ni mchumba!"

Alitundika mashuka, akafunga mlango. Bi Ndoto akaketi na daftari. Punde mama akafungua mlango, akavuta pindo la shuka, akaliweka shavuni. Akafunga. Punde akafungua tena. Kila alipofungua, joto lilitoka lote. Mchana ulipofika, mashuka yalikuwa bado mabichi.

Bi Ndoto alishindwa kuvumilia. "Mama, subiri taa ya kijani!"

"Taa haina shavu," mama alijibu. "Mkono wa dobi umezoea maji, hausemi kweli. Shavu ndilo linalojua. Bibi yako alinifundisha hivyo."

Mwoka mikate alikuwa amesimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi. Akacheka. "Jirani, ningefungua tanuri langu kama unavyofungua hilo kabati, mtaa mzima ungekula unga mbichi! Mimi huchungulia kwa kitundu."

Bi Ndoto aliegemea ukuta, akafumba macho. Safari hii mama hakumwita. Alipoyafumbua, alichukua chaki.

"Mama, simama hapa. Nataka kupima shavu lako liko wapi."

Aliing'oa taa. Akakata dirisha dogo, usawa wa shavu la mama yake, akalifunika kwa kipande cha blanketi. Pindo moja la shuka liliachwa karibu na dirisha. Sasa mama alisogeza shavu, akagusa, akaendelea na kazi yake. Mlango haukufunguliwa. Kabla ya mchana, mashuka yalikuwa makavu.

Madobi wawili wa mtaa wa pili walikuja kulijaribu pia. Mmoja, ambaye bega lake humuuma, alitaka fito za kutundikia zishushwe. Zikashushwa. Mwingine, anayepakana na jiko la hoteli, aliuliza swali moja tu: "La kwangu lini?"

Nesi alirudi. Alichukua shuka la juu, akaliweka shavuni, akatabasamu. "Kesho nitaleta mengine."

Siku ya mashindano, kabati lilibanwa kwenye ukuta wa ukumbi unaopakana na jiko la chuo, shuka likiwa ndani tangu asubuhi.

"Vyombo vya siku hizi vina taa na namba," jaji mmoja alisema. "Kwa nini dirisha hili?"

Bi Ndoto alifunua dirisha. "Tafadhali, mzee wangu, lete shavu lako."

Ukumbi ukacheka. Jaji akainama, akaweka shavu. Kicheko kikaisha.

"Limekauka," alisema polepole. "Na nani atalinunua?"

Kabla Bi Ndoto hajajibu, mikono miwili iliinuka benchi la mbele. Ilikuwa mikono ya madobi, yenye vidole vilivyokunjamana kwa maji.

Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Lakini washindi walikuwa watatu, na wote walipewa nafasi karakanani. Kabati la pili liko sasa kwenye ukuta wa jiko la hoteli. La tatu linapigwa randa.

Leo mvua inanyesha tena. Mkate unaokwa, ukuta una joto. Mama wa Bi Ndoto ameuegemea, macho ameyafumba, mikono imetulia mapajani. Ncha ya shuka inasubiri kwenye dirisha.

Bi Ndoto anafungua mdomo kumwita, kisha anaufunga. Anainama mwenyewe, anaweka shavu.

Mashuka yamekauka. Anamwacha mama yake aendelee kuota.